Sungura Aliyehasiwa: Tazama Tumbo Kabla ya Kidonda

Mfugaji anayerudi nyumbani na sungura aliyetoka kuhasiwa kwa kawaida humgeuza chali mara tu anapofika, akitaka kuona kidonda. Hamu hiyo inaeleweka, lakini katika siku mbili za mwanzo hatari kubwa haiko kwenye nyuzi, bali kwenye tumbo. Utumbo wa sungura umeumbwa kusukuma nyasi mchana na usiku bila kupumzika, na ikiwa maumivu, hofu au mabaki ya dawa ya usingizi yatamfanya akae saa 12 bila kula, mwendo huo hupungua, gesi hujaa, na gesi hiyo humwongezea maumivu yanayozidi kumkatisha hamu ya chakula. Ndiyo maana sungura hashindishwi njaa kabla ya upasuaji kama afanyiwavyo mbwa. Hawezi kutapika, kwa hiyo hakuna hofu ya kupaliwa na matapishi, na kila saa anayokaa tumbo tupu ni hasara kwake.

Kwa hiyo andaa chakula kabla hujamfuata. Nyasi kavu safi ziwepo muda wote, pamoja na majani aliyoyazoea, kama vile matembele au mabingobingo yaliyonyaushwa kidogo. Si wakati wa kumjaribishia kabichi, ambayo huweza kumjaza gesi. Maji yawekwe kwenye bakuli zito, kwa sababu sungura aliyechoka hunywa kwa urahisi zaidi humo kuliko kwenye chupa ya kuning'inia. Kisha hesabu mavi. Tandika gazeti au kitambaa cheupe na kila asubuhi uangalie: punje za duara, kavu, zenye ukubwa wa dengu, ni habari njema, zikiwa ndogo kama choroko, chache, au zimekosekana kabisa, tumbo linazubaa. Ikiwa tumbo bado ni laini, loweka chakula cha punje katika maji ya uvuguvugu hadi kiwe uji mwepesi, uchuje, umnyweshe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukilipitisha ubavuni mwa mdomo nyuma ya meno ya mbele, mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo ili asipaliwe. Tumbo likiwa gumu na limevimba kama ngoma, usimlazimishe chochote. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kwa kawaida sungura halii anapoumia. Hujikunyata pembeni, hufumba macho nusu na kusaga meno kwa sauti unayoweza kuisikia ukiinama karibu na kizimba, na mnyama wa namna hiyo anahitaji dawa ya maumivu kwa kipimo cha daktari, si subira. Usiende dukani kumnunulia antibiotiki kwa kubahatisha: amoksilini na ampisilini, ambazo wengi wetu tunazo kabatini, zikipitia mdomoni huua bakteria wema wa tumbo la sungura na zinaweza kumuua mwenyewe.

Kuhusu mahali pa kumlaza, jijini Mwanza kuna jambo moja ambalo vitabu vya nje havilitaji. Vizimba vingi vya Igogo, Mabatini na vilima vya Bugando huegemezwa kwenye majabali, na jabali lililopigwa na jua kutwa huendelea kutoa joto baada ya giza kuingia. Saa chache za mwanzo, mwili wake ukiwa bado umepoa kwa dawa ya usingizi, chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa humfaa. Akishachangamka, anahitaji kivuli, hewa, na sakafu bapa isiyo na ngazi za kurukia. Maranda yaondolewe, kwani vumbi lake hunata kwenye mshono.

Adui mwingine ni nzi. Sizungumzii vile vijidudu vinavyopanda kutoka ziwani kama moshi, ambavyo hutaga majini na havina haja na kidonda, bali nzi wa kawaida wanaofuata dagaa walioanikwa na kutaga mayai kwenye manyoya yenye unyevu au mkojo, na funza wakatokea ndani ya siku moja. Funika kizimba kwa chandarua, chandarua chenyewe kikae mbali na meno ya sungura kwa kuwa vyandarua vingi vimetiwa dawa. Dawa za viroboto vya mbwa zenye fipronil usimpake kamwe, kwani kwa sungura ni sumu. Majivu na mafuta ya taa pia yakae mbali na mshono.

Kidonda chenyewe kitazamwe asubuhi na jioni bila kukishika. Uvimbe mdogo wa siku mbili tatu kwa dume si ajabu. Joto, usaha, harufu au mshono kuachia ni sababu ya kurudi kwa daktari. Dume hupona kwa siku 7 hadi 10, jike kwa siku 10 hadi 14, maana kwake tumbo lilifunguliwa. Kola ya shingoni itumike tu akiwa anang'ata nyuzi, kwa kuwa humzuia kula mavi yake laini, tofauti na zile punje kavu, ambayo sungura huyala tena kwa afya yake. Ukimbeba, shikilia makalio yake, kwani teke moja la hofu laweza kumvunja uti wa mgongo.

Dume aliyepona bado si dume asiyezalisha. Mbegu zilizobaki kwenye mirija zinaweza kutunga mimba hadi wiki 6 baada ya kuhasiwa, na mfugaji mmoja wa Ilemela aliyemrudisha dume wake kwa majike katika wiki ya pili alinipigia simu mwezi mmoja baadaye, akiuliza kwa upole kama daktari alikata kitu sahihi.