Mpwa wako anataka kwenda jeshini: mshauri hivi kabla tangazo halijatoka

Kijana akikuambia, "Mjomba, nataka jeshi," muulize kwanza: jeshi lipi? Hapa Tanzania wengi huchanganya mambo matatu. JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya mujibu wa sheria, yaani ya lazima, ni ya wahitimu wa kidato cha sita. Ilisimama mwaka 1994 na kurudi 2013. Huchukua miezi mitatu, vijana huitwa kwa majina na kupangiwa kambi, kisha hurudi kuendelea na masomo. JKT ya kujitolea ni miaka miwili, na kijana huomba mwenyewe. JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) ndiyo kazi ya uaskari, na matangazo yake ya kuandikisha vijana yamekuwa yakitaka mwombaji awe amehitimu mafunzo ya JKT na awe hajaoa au hajaolewa.

Kwa hiyo lazima alisikie hili kutoka kwako mapema: kujitolea si ajira. Matangazo ya JKT yenyewe husema hivyo waziwazi. Wengine huchukuliwa na JWTZ, Polisi, Magereza au Uhamiaji, na wengine hurudi nyumbani na cheti. Aprili 2021 Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kuondolewa kambini kwa vijana 854 waliogoma wakidai kuandikishwa jeshini. Mpwa wako akienda huku ameshaahidiwa na mtaa mzima kwamba "ajira ipo", ataumia. Akienda akijua ni miaka miwili ya ukakamavu, kilimo na stadi za kazi, na kwamba nafasi ya jeshini inaweza kuja au isije, atavumilia.

Sasa karatasi, na hapa ndipo wengi hukwama. Chukua cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na vyeti vya shule, vipange mezani, msome majina herufi kwa herufi. Mohamed kwenye cheti kimoja na Mohammed kwenye kingine ni tatizo. Jina la babu lililopo NIDA na halipo shuleni, nalo ni tatizo. Tarehe ya kuzaliwa isipolingana ni tatizo kubwa zaidi, kwa sababu umri wa mwisho hupangwa kwa kiwango cha elimu, na wa kidato cha nne hufungiwa mlango mapema kuliko mwenye shahada. Marekebisho ya RITA (wanaotoa vyeti vya kuzaliwa) na NIDA huenda yakachukua muda mrefu, ilhali tangazo likitoka halisubiri mtu. Anzeni leo. Kamwe msishushe umri ili "atoshe": vyeti huhakikiwa, na kughushi ni kosa la jinai.

Mpeleke hospitali ya wilaya kabla ya usaili. Apimwe macho, masikio, shinikizo la damu, ngiri, kifua na meno. Jino lililotoboka lizibwe sasa. Mwenye pumu, kifafa au selimundu asifiche, maana mbio za alfajiri na jua la saa nane vinaweza kumuua. Binti apewe na shangazi maelezo ya wazi kwamba kipimo cha mimba kipo, na mimba humtoa kwenye mafunzo.

Mazoezi yaanze wiki nane kabla. Wiki mbili za kwanza, mara tatu kwa wiki, akimbie dakika mbili, atembee dakika moja, mpaka zitimie dakika 20. Kisha aongeze kidogo kila wiki hadi akimbie kilomita 5 bila kusimama, na siku za katikati apige pushapu na sitapu. Kosa la kawaida ni kijana kuanza na kilomita 10 siku ya kwanza; maumivu ya mfupa wa mbele ya mguu, chini ya goti, hutokana na haraka hiyo, na wapo wanaofika kambini tayari wanachechemea. Raba mpya azivae angalau wiki mbili kabla ya safari, la sivyo malengelenge yatamtesa.

Maombi ya kujitolea hupitia ofisi za wilaya na mkoa anakoishi, kwa hiyo asihamie kwa ndugu wa mkoa mwingine akidhani huko "kuna nafasi". Apeleke vivuli, vyeti halisi avionyeshe kwenye usaili tu, asimwachie mtu yeyote.

Kuomba hakuna malipo. Anayetaka laki tano za "kumwingizia jina" ni tapeli, hata akivaa sare, hata akiwa jirani. Usiuze mbuzi. Piga 113, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, bila gharama.

Akiitwa, soma orodha ya vifaa kwa makini: huwa inataja hata rangi ya bukta, fulana na shuka. Bukta hutakiwa isiwe na zipu na ifike magotini. Ukinunua fupi utanunua tena. Mpe nauli ya kwenda na ya kurudi, na hiyo ya kurudi isiguswe.

Na wakati anasubiri, ajaze pia fomu ya VETA (mafunzo ya ufundi) au chuo. Nakala za vyeti vyake vyote zikae nyumbani kwenye faili la plastiki, mahali ambapo mama anapajua, ili akipigiwa simu yuko mbali, mtu mwingine aweze kuzipeleka siku hiyo hiyo.