Roshani ya Melini: Lini Uilipie na Lini Uiache

Bei ya roshani kwenye meli ya kitalii huandikwa kwa namna inayoificha. Tovuti inakuonyesha chumba cha ndani, kisicho na dirisha, kwa euro 600, na cha roshani kwa euro 850, nawe unajisemea: mia mbili na hamsini tu. Lakini bei hizo ni za mtu mmoja, tena kwa hesabu ya watu wawili chumbani. Kwa mke na mume tofauti ni euro 500. Anayesafiri peke yake naye hasalimiki, maana kampuni nyingi humtoza nauli inayokaribia ya watu wawili, na kiti cha pili roshanini kitabaki kitupu.

Kwa hiyo kabla ya kuzama kwenye picha, fika mpaka ukurasa wa mwisho wa malipo kwa vyumba vitatu vya tarehe ile ile: cha ndani, cha dirisha na cha roshani. Andika jumla ya kila kimoja pamoja na kodi na ada za bandari. Bahshishi ya kila siku iache nje ya hesabu, kwa kuwa kwa kawaida ni sawa kwa vyumba vyote vitatu na hupanda kwenye vyumba vya kifahari tu. Chumba cha dirisha usikiruke. Wengi wanaodai wanataka roshani, wanachotaka hasa ni mwanga wa asubuhi na kujua kama nje mvua inanyesha, na hayo dirisha linayatoa kwa pesa ndogo zaidi.

Hesabu saa, si siku

Roshani ya kawaida ina kina cha mita 1.2 hadi 1.5, viti viwili na kimeza cha kuwekea vikombe. Hununui nafasi. Unanunua zile saa ambazo meli inatembea, kuna mwanga, uko macho, na nje kuna cha kutazama au upepo unaokalika. Meli ikiwa gatini, roshani mara nyingi inatazama makontena, mabasi ya watalii, au roshani za meli ya jirani.

Chukua ratiba yenye saa za kufika na kuondoka, uipitie siku moja moja. Futa saa utakazokuwa nchi kavu, utakazolala, utakazokula na zile za giza. Zinazobaki zigawe nusu, maana hakuna anayekaa roshanini kutwa nzima wakati bwawa, maonyesho na chakula viko juu. Kisha gawa tofauti ya bei kwa saa ulizopata.

Tuseme ni safari ya usiku 7 ya Mediterania kutoka Barcelona, mwezi Julai, yenye siku moja tu ya baharini. Meli inafika bandarini saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na mbili jioni. Siku ya baharini itakupa saa 4 za kweli, na kila jioni ya kung'oa nanga saa moja hivi. Jumla ni saa 10. Euro 500 kwa saa 10 ni euro 50 kwa saa. Safari hiyo hiyo ihamishie Desemba: jua la Barcelona linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo meli inaondoka gizani, na saa zako zinashuka hadi 4 au 5. Sasa kila saa moja inakugharimu euro 100 au zaidi, na huenda uikae umevaa koti.

Kipimo tunachokipendekeza ni hiki: saa moja ya roshani ikizidi bei ya chakula cha mchana cha watu wawili kwenye mkahawa mzuri wa bandarini, iache. Kuleni huko.

Njia zinazostahili na zisizostahili

Norwei kiangazi ndiko roshani inakojilipa. Geirangerfjord, mkono mwembamba wa bahari kati ya milima, ina urefu wa kilomita 15, na meli huingia polepole alfajiri na kutoka kwa njia ile ile, maporomoko ya maji yakiwa kwenye kuta zote mbili. Mwezi Juni jua huko halizami mpaka karibu na saa tano usiku, kwa hiyo saa za mwanga ni nyingi kuliko nguvu zako za kukaa macho. Ukiamka saa kumi na moja asubuhi, huna haja ya kuvaa na kupanda sitaha 8 (ghorofa za meli) kugombea nafasi ukingoni. Unajifunga khanga na blanketi la kitandani juu yake, unafungua mlango, umefika. Hata tofauti ikiwa euro 700, kwa saa 18 unazoweza kuzipata ni chini ya euro 40 kwa saa.

Alaska nayo iko kundi hilo, hasa safari zinazoingia Glacier Bay, ghuba yenye mito ya barafu. Meli kubwa zinazoruhusiwa humo ni mbili tu kwa siku, nayo meli hukaa ndani saa nyingi. Mbele ya mto wa barafu wa Margerie manahodha huigeuza meli polepole ili pande zote mbili zione, kwa hiyo usilipie zaidi kwa sababu ya upande. Barafu inapomeguka, mlio wake hufika baada ya macho kuona, na kwenye utulivu wa roshani unausikia vizuri kuliko katikati ya watu elfu. Nguo za joto ni lazima hata Julai.

Ghuba ni habari nyingine. Safari za Dubai, Abu Dhabi na Doha hufanyika miezi ya baridi, bandari ziko karibukaribu, meli hutembea usiku, na pwani ni tambarare. Jua la Dubai mwezi Desemba linazama mnamo saa kumi na moja na nusu jioni. Chumba cha ndani kinatosha kabisa, isipokuwa ratiba iwe na Khasab ya Omani, ambako milima ya Musandam inaangukia baharini moja kwa moja. Hata hapo ni siku moja tu.

Jihadhari pia na ushauri uliopitwa na wakati. Bado utasoma kwamba roshani ni lazima kwa ajili ya kuingia Venice mbele ya uwanja wa San Marco. Tangu tarehe 1 Agosti 2021 meli kubwa zimezuiwa kupita hapo. Safari zinazouzwa kwa jina la Venice sasa huanzia Marghera, Trieste au Ravenna.

Mnaopanda meli zinazogusa pwani yetu, upande ndio wa kuangalia. Ukiingia Kilindini, kisiwa cha Mombasa kiko kulia ukitazama omo, yaani mbele ya meli, na Likoni iko kushoto. Mwambao wa Mama Ngina uko upande huo wa kulia, na aliye kushoto ataona kivuko na minazi ya Likoni, ambayo nayo si haba.

Mahali pa chumba ni muhimu kuliko aina yake

Wahenga walisema kwenda tezi (nyuma ya chombo) na omo, marejeo ni ngamani, na kwa chumba cha meli maneno hayo yana maana ya mwilini kabisa. Meli za kisasa zina mapezi chini ya maji yanayopunguza kuyumba kwa ubavu, lakini hayazuii omo kupanda na kushuka. Ndiyo maana chumba cha katikati, sitaha ya chini, hutulia kuliko vyote, na cha juu kabisa mbele huenda mrama kuliko vyote. Roshani nyingi ziko sitaha za juu. Ukiwa mwepesi wa kichefuchefu, kuna mvutano hapa: hewa na kuona upeo wa macho vinakusaidia, urefu unakuumiza. Tafuta roshani ya katikati, sitaha ya chini kabisa yenye roshani. Ukiikosa, afadhali dirisha la chini kuliko roshani ya juu omoni.

Fungua ramani ya sitaha, uangalie sitaha tatu kwa pamoja: ya chumba chako, ya juu yake na ya chini yake. Juu na chini kunatakiwa kuwe na vyumba vingine. Ukiwa chini ya bufee, viti vitaburutwa kichwani mwako kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Ukiwa juu ya ukumbi wa muziki, besi itapanda na miguu ya kitanda. Tazama kama namba ya chumba ina alama ya mandhari kuzibwa. Maana yake mara nyingi ni mashua ya kuokolea iliyoning'inia mbele yako, na kuna tofauti kubwa kati ya mashua inayofunika bahari yote na ile iliyo chini ya ukingo, ambayo unaiona tu ukiinama. Ya pili hii huuzwa kwa punguzo na ni bei nzuri.

Angalia pia ukingo wenyewe. Ukiwa wa kioo, unaona bahari ukiwa umeketi. Ukiwa wa chuma, kama ilivyo kwenye baadhi ya vyumba vya mbele na vya sitaha za chini, ukiketi unaona chuma.

Si kila kinachoitwa roshani kinatazama bahari. Kwenye Oasis of the Seas ya mwaka 2009 na dada zake kuna roshani zinazotazama ndani ya meli, juu ya bustani au njia ya michezo. Kwenye Celebrity Edge ya mwaka 2018 kuna roshani ambayo kwa kweli ni dirisha kubwa: unabonyeza kitufe, nusu ya juu ya kioo inashuka. Chumba kinakuwa kipana zaidi, ila kukaa nje hasa hukupati.

Kwa wanawake wanaojisitiri, roshani inaweza kuwa mahali pekee pa kupata upepo kichwani bila mtandio, lakini usiibashirie kutoka kwenye picha. Roshani za sitaha za chini zinazotokeza nje huonekana zote kutoka juu. Zilizo karibu na omo huonekana kutoka kwenye bawa la chumba cha usukani, ambako maofisa husimama meli ikifunga gati. Kizuizi kati yako na jirani mara nyingi kina uwazi ukingoni, na mtu akiinama mbele anakuona. Chagua iliyofunikwa na roshani nyingine juu yake, katikati ya meli.

Upepo, mlango na sheria

Meli inayokwenda noti 20 inatembea kilomita 37 kwa saa, kwa hiyo hata siku isiyo na upepo wowote inautengeneza wake. Ongeza upepo wa mbele, na roshani za omoni hazikaliki. Zile za tezi zimekingwa zaidi na zina mandhari pana, ila sakafu hutetema na siku nyingine masizi ya bomba huangukia meza. Jua nalo lipangie: meli ikielekea magharibi kaskazini mbali na ikweta, kama Mediterania, upande wa kushoto unapigwa na jua karibu kutwa.

Mlango una tabia zake. Kitasa kizungushe mpaka mwisho, vinginevyo utapiga mluzi usiku kucha na utadhani meli ina hitilafu. Usiuache wazi ukienda kuoga: kwenye meli nyingi kiyoyozi hujizima, unyevu unaingia, na sakafu ya bafuni inakuwa utelezi. Mwenzako akifungua mlango wa korido wakati wa roshani uko wazi, upepo utaubamiza kwa nguvu ya kuvunja kidole. Wenye watoto, jaribuni komeo la juu la mlango kabla ya kufungua mizigo, na viti msiviweke karibu na ukingo.

Sigara kwenye roshani imepigwa marufuku na kampuni nyingi, na sababu inajulikana. Tarehe 23 Machi 2006, Star Princess iliungua usiku ikielekea Jamaika, na uchunguzi ulielekeza kwenye kipande cha sigara kilichoachwa roshanini. Vizuizi vya plastiki viliusambaza moto kutoka roshani hadi roshani, na abiria mmoja alifariki. Nguo pia usizianike nje. Kuta za vyumba vingi ni za chuma, beba kulabu 4 za sumaku uzitundike bafuni.

Ukishaamua

Ukichukua bei ya punguzo ambapo kampuni ndiyo inakuchagulia namba, kumbuka umeuza mahali pa chumba. Wa kichefuchefu na wa usingizi mwepesi wasiiguse. Ukialikwa kupeleka dau la kupandishwa daraja, yaani bei unayojitolea kulipa ili upewe chumba bora, soma kama dau ni la kila mtu, maana kwa kawaida ni hivyo, na dau la 100 litakatwa 200. Weka kikomo kwa ile ile hesabu ya saa, halafu usahau.

Ukibaki chumba cha ndani, washa chaneli ya kamera ya omo bila sauti. Utajua kumekucha, na Alfajiri haitakupita. Ukichukua roshani, siku ya kupanda ikague kabla meli haijang'oa nanga: mlango unafunga, komeo linashika, viti ni vizima, kizuizi hakijalegea. Mafundi wakiwa gatini hupatikana haraka, na siku ya kwanza bado pengine kuna chumba kitupu cha kukuhamishia.