Tenga la pembeni ya banda halijamtenga kuku mgeni

Nikifika kwa mfugaji ambaye kuku wake wanapiga chafya na nyuso zimevimba, swali langu la kwanza ni kama kuna kuku aliyeingia karibuni. Mara nyingi yupo. Na mara nyingi najibiwa, “Lakini huyo tulimtenga kwanza.” Nikiuliza alitengwa wapi, naonyeshwa tenga pembeni ya banda, au kona ya banda lenyewe iliyozungushiwa wavu. Alikaa humo wiki moja, akafunguliwa.

Kuku aliyewekwa nyuma ya wavu anazoeshwa wenzake, na kuzoesha ni kazi ya pili. Kazi ya kwanza ni kumweka mbali, ili kama amekuja na ugonjwa uishie kwake. Wavu unazuia mdomo na kucha. Matone ya chafya, vumbi la kinyesi, chawa na utitiri vyote vinapita. Wafugaji wengi wanaifanya kazi ya pili wakiamini wamemaliza zote mbili, kisha wanapoteza kundi zima.

Mgeni atengwe siku 30 kamili. Wiki moja haitoshi, kwa sababu kila ugonjwa una muda wake wa kujitokeza. Mafua makali ya kuku huonekana siku 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, kwa kawaida hujitokeza siku ya 5 au 6, lakini unaweza kuchelewa hadi siku ya 15. Mayai ya chawa huchukua siku 4 hadi 7 kuanguliwa. Na hesabu inaanzia siku alipofika kuku wa mwisho: ukileta mwingine siku ya 20 ukamweka humo humo, wote wawili wanarudi siku ya 1. Hapa hakuna kufidia.

Umbali uwe angalau mita 10 kutoka bandani, upande ambao upepo hautoki kwake kwenda kwa wenzake, wala maji ya mvua hayatiririki kuelekea huko. Nyumba ikiwa katikati ni bora zaidi. Kama eneo lako halitoshi, mwombe mtu asiyefuga kuku akutunzie, au ahirisha kuongeza kuku.

Halafu kuna viatu vyako. Mtu anapima mita 10 vizuri, kisha asubuhi anamhudumia mgeni na kuingia bandani na ndala zile zile. Kuku wa zamani wahudumiwe kwanza, mgeni awe wa mwisho, kila siku. Awe na chombo chake cha maji, cha chakula na ufagio wake, nawe uwe na viatu vya huko tu. Ukitoka, nawa kwa sabuni. Kopo moja la kuchotea chakula likizunguka pande zote mbili linafuta kazi ya mwezi mzima. Kama watoto ndio wanaolisha, waelekeze wao. Kumwelekeza baba mwenye nyumba peke yake hakusaidii.

Siku ya kwanza mpe maji safi na chakula, apumzike. Siku ya pili mshike umkague. Tenganisha manyoya kuzunguka tundu la haja na chini ya mabawa: chawa ni wa rangi ya majani makavu na hukimbia wakipata mwanga, na mayai yao ni vishada vyeupe vilivyoganda kwenye shina la unyoya. Magamba ya miguu yaliyoinuka, yenye ukoko mweupe chini yake, ni utitiri wa miguu. Minya taratibu juu ya matundu ya pua. Ute wenye harufu mbaya ni dalili ya mafua. Utitiri mwekundu hutauona mwilini mchana kwa kuwa hujificha kwenye nyufa, hivyo rudi usiku na tochi. Ukikuta chawa, paka dawa kwa kipimo cha kwenye lebo, kisha rudia baada ya siku 7 hadi 10, maana dawa nyingi haziui mayai. Wanaopaka mara moja wanalalamika kuwa dawa ni feki, kumbe hawakumaliza kazi.

Tafadhali usimpe antibayotiki “ya kinga” katika siku hizi. Inafunika dalili zile zile unazosubiri zijitokeze.

Chanjo ya mdondo aipate akiwa huko huko, mzima, angalau wiki 2 kabla ya kuchanganywa. Chanjo ya aina ya I-2 ni tone 1 kwenye jicho moja, na hurudiwa kila miezi 3. Kundi lako nalo liwe limechanjwa, kwa sababu wenyeji pia wanaweza kumwambukiza mgeni ugonjwa ukamuua.

Kuku aliyepona mafua anaweza kubaki na vimelea maisha yake yote bila dalili. Kwa hiyo siku ya 21 chukua kuku mmoja wa kundi lako, umweke pamoja na mgeni hadi siku ya 30. Huyo akianza chafya, wote wawili wabaki huko, mwite mtaalamu wa mifugo, na usimuuzie mtu mwingine tatizo hilo.

Baada ya hapo ndipo wavu unapotumika: siku 7 waonane bila kugusana. Mwingize jioni giza likianza, na alfajiri uwepo. Weka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, mita 2 au zaidi kati yake, ili kuku mbabe asivizuie vyote. Kwenye fito za kulalia kila mmoja apate sentimita 20 hadi 25. Kudonoana siku chache ni kawaida, lakini ukiona damu mtoe hapo hapo, maana wengine wataifuata. Jioni papasa gole lake, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Likiwa tupu, ananyimwa chakula.

Akilala katikati ya wenzake bila kusukumwa, amekubaliwa. Asipotaga wiki za mwanzo usimchinje. Kuhama peke yake kunatosha kusimamisha utagaji.