Ada Haisubiri Giza: Fedha za Mwanafunzi wa Mwanza Anayesoma Ulaya

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria huvua kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti kitu, mitumbwi inakaa ufukweni siku kadhaa, na mzunguko wa hela pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba unalegea. Masika nayo ina yake: kuanzia Machi hadi Mei dagaa hawakauki vizuri, na walionyeshewa huishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Familia inayomsomesha mtoto nje kwa biashara hiyo, au kwa pamba inayoanza kununuliwa Mei, ina kalenda yake. Chuo cha Leeds, Uingereza, kina kalenda nyingine kabisa: Septemba, Januari, na pengine Aprili, katikati ya mvua. Hapo ndipo mwanafunzi anapokwama. Hela ipo, ila imechelewa wiki tatu.

Kwa hiyo kabla ya kujadili bei ya mchele, chukua karatasi moja uigawe katikati. Kushoto andika miezi ambayo hela huingia nyumbani, kulia tarehe za malipo: ada, kodi ya chumba, bima, kibali cha kuishi. Pale ambapo kulia kumejaa na kushoto ni patupu, hela ya tarehe hiyo inunuliwe miezi miwili au mitatu kabla. Benki zetu hufungua akaunti ya fedha za kigeni; mzee au mama akinunua pauni kidogo kidogo kila baada ya giza zuri, Januari haitamkuta anakimbilia mkopo wa riba. Vyuo vingi vya Uingereza hukubali ada kwa awamu, lakini utaratibu huo huombwa kabla ya kujisajili. Ukiomba baada ya kuchelewa, unaongea kama mdaiwa.

Uingereza: siku 28

Kwa viza ya mwanafunzi, Uingereza inataka uonyeshe ada ya mwaka wa kwanza ambayo hujalipa, pamoja na hela ya kuishi hadi miezi 9. Tangu Novemba 2025 hela hiyo ni pauni 1,529 kwa mwezi kwa anayesoma London na pauni 1,171 kwa anayesoma nje ya London. Anayekwenda Leeds akiwa amebakiza ada ya pauni 8,000, anatakiwa aonyeshe 8,000 na 10,539, jumla 18,539.

Kuipata ni kazi, na kuilaza nayo ni kazi nyingine. Lazima ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hicho hata siku moja, na siku ya mwisho ya taarifa ya benki isiwe imepita zaidi ya siku 31 unapotuma maombi. Hapa ndipo michango inapotuponza. Kikao cha familia kinakaa Jumapili, watu wanaahidi, hela zinaingia kwa vipande mpaka wiki ya mwisho, na siku 28 zinaanza kuhesabiwa pale kipande cha mwisho kinapokamilisha kiasi. Halafu mtu anatoa shilingi laki tatu za haraka akidhani atazirudisha Jumatatu. Salio likishuka chini ya kiwango, hesabu inaanza upya.

Jambo la pili ni jina la mwenye akaunti. Inakubalika akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi ikiambatana na cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi. Ya mjomba haikubaliki. Kwetu mjomba ndiye mara nyingi anayesomesha, basi ahamishie hela yake kwenye akaunti ya mwanafunzi, ndipo siku 28 zianze. Na kwa kuwa salio la shilingi hubadilishwa kuwa pauni kwa kiwango cha siku ya maombi, ongeza kama asilimia 5 hadi 10 juu, shilingi isije ikateleza ukabaki umepungukiwa pauni 60.

Kuna tozo ya afya pia, pauni 776 kwa mwaka, inayolipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba viza. Shahada ya uzamili ya mwaka mmoja huja na viza ya zaidi ya mwaka, kwa hiyo tozo huwa 776 na nusu yake, yaani pauni 1,164. Wengi huisahau kwa sababu haimo kwenye barua ya chuo.

Ujerumani: 11,904 ambazo huzishiki

Ujerumani hutumia Sperrkonto, akaunti iliyofungwa. Unaweka euro 11,904 za mwaka mzima, kisha unafunguliwa euro 992 kila mwezi. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ndiyo maana watu wakishaiona 11,904 wanahesabu kazi imekwisha.

Fuatilia wiki za mwanzo uone. Umefika Leipzig Oktoba. Sperrkonto kwa kawaida haitoi senti mpaka uwe na akaunti ya kawaida ya benki ya kupokelea, na mara nyingi kuifungua kunadai uthibitisho wa anwani. Sheria inataka uandikishe anwani ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, na kuiandikisha kunahitaji karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye hakupi chumba bila dhamana, ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu joto na maji. Chumba cha euro 400, kikiwa 480 pamoja na joto, kinakudai dhamana ya 1,200 na kodi ya kwanza 480. Hizo ni 1,680 kabla hujaigusa 992 ya kwanza.

Sheria hiyohiyo inampa mpangaji haki ya kulipa dhamana kwa vipande vitatu, cha kwanza upangaji unapoanza. Sema hivyo kwa adabu na kwa maandishi; 1,680 inakuwa 880. Hata hivyo usisafiri bila euro 1,500 hivi nje ya Sperrkonto, nyingi zikiwa kwenye kadi na kidogo mkononi. Ukibeba taslimu kuanzia euro 10,000 unatakiwa kutoa tamko forodhani, lakini hata 3,000 ndani ya koti kwenye basi la usiku ni ujasiri usio na faida.

Mwezi wenyewe ukishatulia unakwenda hivi: chumba 480, bima ya afya ya wanafunzi kati ya 140 na 150 (bei hiyo ni ya walio chini ya miaka 30), simu 10, chakula 200. Kuna tozo ya redio na televisheni ya euro 18.36 kwa mwezi hata kama huna redio, ila inatozwa kwa nyumba, si kwa mtu. Mkiwa watatu, mmoja ajisajili na kila mtu atoe 6.12. Hapo zimebaki kama 150, na humo mtatoka mchango wa muhula unaolipwa chuoni kila miezi sita, viatu vya baridi na daftari. Mwaka ukiisha, ofisi ya wageni itataka tena uthibitisho wa hela ya mwaka unaofuata. Mwaka wa pili ndio unaovunja watu, kwa kuwa nyumbani wanadhani 11,904 ilikuwa kiingilio cha mara moja.

Fomu ya benki, kisanduku kwa kisanduku

Mama anasimama kaunta Barabara ya Kenyatta na fomu ya kutuma hela nje. Mambo matatu kwenye fomu hiyo yana uzito kuliko mengine yote.

La kwanza, nani anabeba gharama. Kuna machaguo ya OUR (mtumaji analipa zote), SHA (mnagawana) na BEN (mpokeaji anakatwa). Kwa SHA, benki za njiani hujikatia chao humohumo, na chuo kinapokea pungufu. Pungufu ya euro 25 kwenye Sperrkonto yatosha kukunyima karatasi ya uthibitisho; chuoni itasomeka kama deni na inaweza kukufungia usajili. Chagua OUR, ulipie gharama Mwanza. Hata hapo ongeza kidogo, maana benki ya njiani haina undugu.

La pili, kisanduku cha maelezo ya malipo. Andika namba ya mwanafunzi kwanza, halafu jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Ukiandika “ada ya mtoto” pekee, hela itafika na kukaa wiki mbili bila mwenyewe. La tatu, omba nakala ya ujumbe wa SWIFT, mtandao wa benki wa kutumiana hela, ile ambayo wengi bado huiita MT103. Hela ikipotea njiani, hiyo ndiyo chuo kitakayotumia kuifuatilia. Risiti ya kaunta haisaidii. Benki itataka barua ya kupokelewa chuoni, ankara ya ada na kitambulisho, kwa hiyo acha nakala nyumbani kabla ya kuondoka.

Halafu saa. Chuo kikisema mwisho ni 17:00, nyumbani waambie saa kumi na moja jioni ya kule, ambayo Mwanza ni saa moja usiku kama uko Ujerumani wakati wa baridi, na saa mbili usiku kama uko Uingereza. Usiseme “saa tano”. Na hela iliyotumwa Ijumaa alasiri ihesabu kuwa ya Jumatatu.

Ukituma wewe kwenda nyumbani, usitazame ada ya kutuma. Tazama shilingi ngapi zinafika. Tuseme kampuni moja haina ada na inabadilisha euro kwa 2,800: euro 100 zinafika 280,000. Nyingine inakata euro 2 na inabadilisha kwa 2,890: zinafika 283,220. “Bure” imekula shilingi 3,220. Ujanja huohuo uko kwenye mashine ya ATM inayokuuliza kama kadi yako ya Tanzania ikatwe kwa shilingi au kwa euro. Chagua euro, siku zote.

Kuhusu kubadilishana kienyeji kwenye magrupu ya WhatsApp, mimi nikupe euro huku, ndugu yangu apokee M-Pesa kule: kwa mtu unayemjua kuanzia kwao, ni biashara ya kuaminiana. Kwa mgeni, huwezi kujua euro alizokuingizia zimetoka wapi, na zikiwa za wizi ni akaunti yako inayofungwa na wewe ndiye unayeitwa kujieleza. Kuna na yule “wakala” anayelipa ada kwa punguzo la asilimia 20. Mara nyingi analipa kwa kadi za wizi. Mwenye kadi akilalamika, malipo yanarudishwa, chuo kinakudai ada nzima, na wakala hapatikani.

Kazi

Viza ya Uingereza kwa kawaida inaruhusu mwanafunzi wa shahada saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, Jumatatu hadi Jumapili. Saa za kazi zote hujumlishwa, na kufidia wiki moja kwa nyingine hakuna: wiki ya saa 26 na inayofuata saa 14 ni kosa. Mshahara wa kwanza unaweza kukatwa kodi kubwa kwa sababu mwajiri hana taarifa zako. Chini ya pauni 12,570 kwa mwaka hudaiwi kodi ya mapato, dai urudishiwe. Nyumba inayokaa wanafunzi watupu wa masomo ya muda wote (full-time) haitozwi kodi ya halmashauri, lakini lazima upeleke cheti kutoka chuoni, la sivyo barua za madai zitakuja tu.

Ujerumani inaruhusu siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka. Kibarua kidogo kisicho na kodi kina kikomo cha euro 603 kwa mwezi kwa mwaka 2026. Usipange kulipa kodi ya chumba cha Oktoba kwa mshahara wa kazi ambayo hujaipata.

Kabla ya kuondoka Mwanza

Koti zito nunua Mlango Mmoja, kwenye mitumba. Makoti ya baridi kali hayana mnunuzi Mwanza, hivyo bei yake huchekesha. Ulaya koti kama hilo linakula fungu la wiki nzima. Viatu acha, vya mitumba huvuja.

Dagaa wanaruhusiwa kuingia Umoja wa Ulaya kwa matumizi yako, samaki mpaka kilo 20. Wakaange wakauke kabisa, funga mifuko mitatu, toa hewa. Samli, maziwa na nyama, hata nyama kavu, hunyang'anywa uwanjani. Kwa ugali, unga laini wa polenta (unga wa mahindi wa Kiitaliano) kwenye maduka ya kawaida ni nafuu kuliko sembe la duka la Kiafrika, ingawa ukiusonga kwa haraka una mabonge.

Na laini yako ya simu. Namba za siri za benki na za M-Pesa zitaendelea kuja kwenye laini hiyo. Washa huduma ya kutumia nje ukiwa bado hapa, jaribu kadi yako kwa malipo ya mtandaoni, na ukifika huko nunua vocha kila baada ya wiki chache. Laini iliyokaa kimya muda mrefu hufungwa na namba kupewa mtu mwingine, na kuirudisha kunataka kidole chako mbele ya wakala. Kidole hicho kitakuwa Leipzig.