Somo: Ruzuku ya nishati ya joto Mwanza, pima joto unalotumia kabla ya kuifuata

Mwangaluka, ndugu zangu. Kila ikitangazwa kwamba mitungi ya gesi ya bei ya ruzuku inagawiwa Misungwi au Magu, simu yangu inaita: "Fundi, niichukue?" Kazi yangu ni kufunga hita za maji za sola na kujenga mitambo ya biogesi, yaani gesi ya kinyesi cha ng'ombe, pande hizi za ziwa, na kabla sijajibu nauliza kwanza: unapasha nini? Mwenye gesti Nyegezi anataka maji ya moto alfajiri. Mama ntilie anataka moto mkali saa tano asubuhi. Mfugaji wa Kisesa anataka maharage yaive bila kununua mkaa. Kila mmoja ana joto lake, na ruzuku ya mmoja inaweza isimfae mwenzake.

Hatua ya 1: Pima joto unalotumia

Chukua daftari, andika siku saba: mkaa wa shilingi ngapi, gesi ya ngapi, LUKU ya ngapi. Usikadirie kichwani, maana mkaa wa kopo kopo unadanganya sana.

Kwa maji ya moto kuna hesabu rahisi. Zidisha lita kwa nyuzijoto unazopandisha, kisha gawanya kwa 860. Unapata uniti za umeme. Mfano, gesti inayopasha lita 200 kwa siku kutoka nyuzi 24 hadi 54: 200 mara 30 ni 6,000, gawanya kwa 860, unapata uniti 7 hivi. Ukiweka uniti moja shilingi 350, hiyo ni 2,450 kwa siku, au 73,500 kwa mwezi. Sasa unajua hita ya sola itakurudishia nini, na muuzaji hawezi kukuyumbisha.

Hatua ya 2: Jua ni msaada upi unakuhusu

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya mambo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mitungi ya nusu bei inatoka kwa Wakala wa Nishati Vijijini, REA. Ni ya kilo 6 pamoja na kichomeo, na unatakiwa uwe na kitambulisho au namba ya NIDA. Iko ndani ya Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo jema, na mapafu ya mama zetu yanalihitaji. Ila kumbuka mambo mawili. Gesi ya mtungi ni safi kuliko mkaa lakini si nishati jadidifu, inachimbwa ardhini na inaisha. Pili, punguzo ni la mtungi wa kwanza. Kujaza tena ni bei ya dukani. Nimeingia nyumba ambazo mtungi umegeuka kigoda, na mkaa unawaka nje kama zamani. REA wameuza pia majiko banifu, yale yanayokula mkaa au kuni kidogo, kwa punguzo. Kwa kaya isiyomudu kujaza gesi, hilo lina faida ya kila siku.

Kwenye sola usitegemee fedha mkononi. Msaada wa serikali umekuja kwa njia ya kodi: Sheria ya VAT ya 2014 iliweka vikusanya joto vya mirija, vile vya hita za sola, kwenye orodha ya msamaha. Orodha hizo hurekebishwa kwenye sheria za fedha za kila mwaka, kwa hiyo mwombe muuzaji akuoneshe kwenye ankara kama bei ina VAT au haina, na udai risiti ya EFD.

Biogesi ilipata msukumo kupitia programu ya taifa iliyoanza 2009 chini ya CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoko Arusha. Ilifundisha waashi na kuzichangia kaya gharama za mtambo. Ukitafuta fundi, muulize kama alipita mafunzo hayo.

Hatua ya 3: Kagua mahali

Mwanza ni mawe. Niliwahi kuchimba shimo la biogesi kwa mteja mmoja kilimani bila kupima kwanza, na futi nne tu chini nikakuta mwamba. Fedha yake iliishia kwenye nyundo na vibarua. Nilimrudishia malipo ya ufundi, lakini muda wake sikuweza kuurudisha. Tangu hapo natoboa kwa mtaimbo sehemu tatu kabla ya kukubali kazi. Ukiwa Usagara au Kisesa udongo mara nyingi unaruhusu.

Kwa sola, sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo uso wa hita uelekee kaskazini, na uinamie nyuzi kama 15 ili maji ya moto yapande yenyewe kwenye tangi na mvua isafishe vumbi. Simtanki ya maji baridi iwe juu ya hita. Likikosekana hilo, shawa ya juu itatoa upepo tu.

Hatua ya 4: Nyaraka

NIDA, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na ankara kifani (proforma) kutoka kwa wauzaji wawili. Mwenye biashara aongeze leseni. Usimpe mtu yeyote fedha ya "kuandikishwa jina".

Maswali ya wanachama

*Kaka fundi, nina ng'ombe wawili, wanalisha malishoni mchana kutwa. Biogesi itatosha?*

Hapana, kaka. Unapata kinyesi cha usiku tu. Kilo moja mbichi inatoa lita 35 hadi 40 za gesi, na jiko moja linakula lita 300 hadi 400 kwa saa. Ukiwa na kilo 40 kwa siku, zikichanganywa na maji kiasi kilekile, unapika saa nne hivi. Wafungie bandani kwanza, ndipo tuzungumze shimo. Tope linalotoka usilitupe, migomba inalipenda.

*Shikamoo. Mimi nakaanga samaki Mwaloni. Hita ya sola itanisaidia?*

Marahaba, mwanangu. Mafuta ya kukaangia yanataka joto kali kuliko maji ya kuoga, kwa hiyo hapana. Jaribu mkaa mbadala wa pumba za mpunga kwenye jiko banifu, upime kwa daftari wiki moja.

*Nimesikia Uingereza serikali ilikuwa inawalipa watu kwa kupasha nyumba. Kwa nini sisi tusilipwe hivyo?*

Ni kweli. Kuanzia Aprili 2014 kaya zenye mitambo ya joto jadidifu zililipwa kwa miaka saba. Maombi mapya ya kaya yalifungwa Machi 31, 2022, na sasa England na Wales wanatoa hadi pauni 7,500 mwanzoni kwa anayefunga pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani. Lakini angalia Ireland Kaskazini: biashara zililipwa kwa kila uniti ya joto zaidi ya gharama ya kuni zenyewe, bila ukomo. Wapo waliodaiwa kupasha majengo matupu. Mpango ulifungwa Februari 2016, na Januari 2017 serikali yao ilianguka kwa mgogoro huo. Kwa hiyo mimi napendelea ruzuku inayosaidia kununua kifaa, mradi isimwache mtu njiani kwenye kujaza.

*Mimi mpangaji Buhongwa. Mwenye nyumba akikataa?*

Mwoneshe hesabu ya LUKU, kisha mwandikiane kwamba hita ni yako na utaondoka nayo. Nitumie picha ya paa, simtanki ionekane.