Saladi kwenye ndoo: kuchanganya virutubisho na kuhamisha miche

Ninalima saladi kibarazani, hapa Dar es Salaam, bila udongo: mizizi inaning'inia kwenye maji yenye mbolea, ndani ya ndoo za lita 20 zenye vifuniko. Hakuna pampu wala umeme. Njia hii aliieneza Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, na kwa nyumba ambazo umeme hukatika sijaona inayoizidi.

Maji kwanza. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi, na saladi haiivumilii. Yaonje, yakiwa na chumvi hata kidogo, tumia ya mvua au ya bomba.

Mbolea ni tatu: NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya haidroponiki, yaani kilimo cha bila udongo, yenye namba 4-18-38 kwenye mfuko, ambayo ina madini madogomadogo ndani yake; kalsiamu naitreti; na chumvi ya Epsom, yaani magnesiamu salfeti. Kwa ndoo ya lita 20 pima gramu 12 za NPK, 12 za kalsiamu na 6 za Epsom. Tumia mizani, usikadirie kwa kijiko. Kalsiamu naitreti hunyonya unyevu wa hewa. Ukiiacha wazi kidogo tu inalowa na kugandamana, kwa hiyo ihifadhi kwenye chupa inayofunga vizuri.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Jaza ndoo maji, tia NPK, koroga hadi iyeyuke yote. Fuatisha Epsom, koroga tena. Kalsiamu iyeyushe pembeni kwenye jagi la maji, uimimine mwisho polepole huku unakoroga. Usizichanganye kamwe zikiwa kavu au nzito: kalsiamu ikikutana na fosfeti ya NPK na salfeti ya Epsom kabla hazijapata maji ya kutosha, hushikana nazo na kuwa unga mweupe unaotuama chini. Mmea hauwezi kuunyonya, na hela yako imelala hapo kwenye kitako cha ndoo.

Pima pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji, mwishoni. Inatakiwa iwe kati ya 5.5 na 6.5. Ikipanda sana, madini ya chuma hayanyonyeki vizuri, na majani machanga yanakuwa njano huku mishipa ikibaki kijani.

Mche uko tayari ukiwa na majani halisi matatu au manne na mizizi myeupe imechungulia chini ya sifongo ulimoootea. Hamisha jioni, jua likishapoa. Shika sifongo, si shina, kwa sababu shina la saladi changa likiminywa halisimami tena. Mimi natumia vikombe vya mtindi nilivyotoboa kwa msumari wa moto. Ingiza mche humo, mizizi ipite kwenye matundu, kisha kaza kikombe kwenye tundu la kifuniko. Maji yaguse kitako cha kikombe tu. Ndoo moja inabeba miche mitatu.

Ndoo isipitishe mwanga, maana mwani utaota. Ipake rangi nyeupe kwa nje ili maji yasichemke, na uiweke kivulini kuanzia saa tano asubuhi. Ziba kila upenyo: maji yaliyotuama ni mazalia ya mbu, na hatulimi mboga ili tufuge malaria.

Maji yakishuka, usijaze ndoo tena hadi juu. Mizizi iliyobaki hewani ndiyo inayovuta pumzi. Ukiizamisha, mmea unanyauka katikati ya maji. Yakikaribia kuisha, ongeza mchanganyiko uleule, usipite nusu ya ndoo.