Boxer nusu cafe racer nusu scrambler, na bado inapanda mlima wa Bugando

Wadau, kila anayetaka kuchonga pikipiki siku hizi anakuja na picha kwenye simu, hendeli za chini, tairi za meno makubwa, siti ya mtu mmoja ya bobber (pikipiki iliyopunguzwa vitu ibaki nyepesi), zote anataka kwa Boxer moja. Inawezekana, ila hapa Mwanza kuna milima na mawe, so twende kwa mpangilio.

Hatua ya 1: chagua njia kwanza, picha baadaye
Cafe racer ilitokea Uingereza miaka ya 1950 na 60, vijana wanakimbizana kwenye lami, ndo maana dereva analalia tangi. Scrambler ni ya kukata mashambani, hendeli pana na ekzozi juu. Kwa huku mkao chukua wa scrambler, sura (tangi, siti, taa) chukua ya cafe racer. Style moja ndo wali, nyingine ni kachumbari. Ukigeuza, hendeli za chini na vumbi la Kishiri, jioni viganja vinawaka.

Hatua ya 2: fremu
Pima na upige picha kabla ya kuwasha grainda. Namba ya chesisi usiiguse. Usikate pale zinaposhika shokapu za nyuma, na kitanzi cha nyuma (kile kinachofunga fremu mwisho wa siti) kichomelewe kwa bomba, nondo hapana jamani.

Hatua ya 3: shokapu, hapa ndo wengi wanaharibu
Ukiweka ndefu nyuma ili mkia uinuke, shokapu za mbele zinasimama wima zaidi, kukata kona kunakuwa kwepesi lakini ukikoleza spidi hendeli zinaanza kucheza. Ukirefusha mbele kama chopa (zile pikipiki za shokapu ndefu za mbele) ni kinyume chake, kwenye foleni ya Buzuruga inakuwa nzito kugeuza. Mi nabaki karibu na urefu wa kiwandani.
Sasa ng'oa shokapu zote mbili za nyuma, pikipiki iko kwenye stendi kubwa, inua tairi kwa mkono hadi pale shokapu ingefika ikibonyea yote, halafu chungulia chini ya siti. Vidole viwili visipopita kati ya tairi na chuma, shimo la kwanza ukiwa umebeba abiria tairi litakula siti.

Hatua ya 4: hendeli
Washa, iache kwenye silensa (ingurume taratibu bila kupiga mafuta), kata hendeli kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mlio ukipanda, waya wa mafuta ni mfupi au umebanwa, na hiyo itakurusha siku unageuza barabarani taratibu. Cheki pia vidole visibanwe na tangi.

Hatua ya 5: hewa
Ukitoa boksi la filta ukaweka kile kifilta kidogo cha urembo, hewa inazidi mafuta, plagi inatoka nyeupe na injini inachemka. Badili jeti ya kabureta (kile kitundu kinachopitisha mafuta), au acha boksi lake, kwa vumbi letu mi naliacha.

Hatua ya 6: jaribu kabla ya rangi
Anza peke yako mtaani, kisha beba mtu mzito mpande Bugando, mshuke mkisikilizia breki. Mwisho lami ya Nyakato kwenda Kisesa, spidi panda kidogo kidogo. Hendeli zikitikisika angalia beringi za stelingi na upepo wa tairi, vikiwa sawa rudi hatua ya 3, mchawi ni shokapu.